Msingi wa Kunakili

Ufa wa kwanza kwenye nyumba ya Mayu ulitokea juu ya dirisha la chumba cha kulala, upande wa mashariki, wiki tatu baada ya mvua za Novemba kuanza. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Mayu alinipigia simu Mwanza, akanisalimia kama kawaida, akauliza kazi, akauliza afya, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba yako imeanza kucheka."

Alisema nyumba yako, si nyumba yangu. Pesa ilikuwa yake: pamba ya misimu minne na ng'ombe wawili. Kiwanja kilikuwa chake, pembeni mwa Malampaka, unapovuka reli ukateremka kuelekea bondeni. Lakini ramani niliichora mimi, na katika ukoo wetu mimi ndiye niliyesomea mambo hayo. Kwa hiyo ufa ulikuwa wangu.

Nataka kueleza ufa ule ulivyotokea, na sitaweza bila kueleza historia ya tendo moja dogo ambalo kila anayechora kwa kompyuta hulifanya mara mia kwa siku bila kulifikiria. Tendo lenyewe ni kunakili mchoro. Unachagua mistari, unakopi, unapesti. Ramani ya Mayu niliimaliza kwa usiku mbili, na sehemu ya msingi haikunichukua hata dakika mbili. Nilifungua faili la zamani la nyumba ya vyumba vitatu, nikazungushia kipanya mchoro wa mkato wa msingi, nikaukopi, nikaupesti kwenye faili la Mayu. Ukakaa vizuri. Mistari ilikuwa safi, vipimo vimepangwa, alama za zege na mawe ziko mahali pake. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Neno letu kunakili tumelipata kutoka Kiarabu, na huko shina lake lina maana pana zaidi ya ile tuliyoichukua sisi. Maana yake pia ni kuhamisha, kukitoa kitu hapa na kukipeleka pale. Sisi tulibaki na nakala, tukaisahau safari. Nadhani safari ndiyo iliyoniponza.

Kwa karne nyingi kunakili mchoro kulikuwa kazi ya mkono na jicho. Mwaka 1603 Christoph Scheiner, padri Mjesuiti wa Ujerumani, alibuni pantografu, fremu ya vijiti vinne vilivyounganishwa kwa pini. Ncha moja inafuata mstari wa mchoro wa asili, ncha nyingine inachora mstari huo huo pembeni, mkubwa zaidi au mdogo zaidi. Mwaka 1780 James Watt, yule wa injini ya mvuke, alipata hataza ya mashine ya kunakili barua na michoro kwa kukandamiza karatasi nyepesi yenye unyevu juu ya wino maalumu. Viwanda vilikuwa vinakua, na injini moja ilihitaji karatasi nyingi: moja ya ofisi, moja ya karakana, moja ya mteja.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1842, pale John Herschel wa Uingereza alipogundua kwamba karatasi iliyopakwa chumvi fulani za chuma hugeuka buluu ikipigwa na jua na kuoshwa kwa maji. Baadaye wahandisi wakaitumia mbinu hiyo. Mchoro wa wino kwenye karatasi au kitambaa kinachopitisha mwanga uliwekwa juu ya karatasi yenye dawa, vikaanikwa juani, kisha karatasi ikaoshwa. Palipopita mwanga pakawa buluu, na palipofunikwa na wino pakabaki peupe. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kwa miongo mingi, ramani za majengo, madaraja na mitambo zilizunguka dunia zikiwa na mistari myeupe juu ya buluu.

Ninachokipenda katika mbinu ile ni kwamba jua halichagui. Lilinakili kila kilichokuwa kwenye karatasi: mstari wa ukuta, kipimo, sahihi, doa la chai, na maneno madogo pembeni yanayosema fanya hivi, usifanye vile. Aliyetaka kuchukua sehemu tu ya mchoro ilimbidi akae chini na karatasi nyepesi, aupitie mstari mmoja mmoja kwa kalamu. Mkono ukipita polepole juu ya mstari, kichwa hupata nafasi ya kuuliza mstari huu unafanya nini hapa.

Reli inayopita Malampaka ni ya enzi hiyo. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilifunguliwa mwaka 1928, wakati wa utawala wa Waingereza Tanganyika, nalo likawa njia ya pamba ya Usukuma kuelekea bandarini. Nilipokuwa mtoto tulitembea juu ya mataruma yake kwenda shule, tukiyahesabu. Umbali kati ya pau mbili za reli ile ni milimita 1,000, na kipimo hicho nacho ni kitu kilichonakiliwa. Reli ya Uganda iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilitumia kipimo cha mita moja kilichokuwa kimeshaenea India, na mafundi wengi na vifaa vingi vilitoka huko huko. Kipimo kikishanakiliwa, kila kitu kinachokigusa hulazimika kukitii: ekseli, behewa, daraja, karakana.

Ukitaka kuona nakala mbili zinapokutana na kukataana, nenda Kidatu mkoani Morogoro. TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067, kipimo cha kusini mwa Afrika, kwa sababu ilikusudiwa kuungana na reli za Zambia. Reli ya Kati ina 1,000. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne vya mkono wako, lakini behewa haliwezi kuivuka. Ndiyo maana Kidatu ikawa mahali pa kuhamisha mizigo kutoka reli moja hadi nyingine. Kila kipimo kilikuwa sahihi kule kilikotoka. Na sasa reli ya tatu inajengwa kwetu, ile ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Upana wake ni milimita 1,435, kipimo cha reli za kwanza za makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Hata upya wetu ni nakala ya kitu cha zamani sana. Si aibu. Hakuna anayebuni kila kitu upya, na anayejaribu hatamaliza hata stesheni moja.

Nakala ya kompyuta ilizaliwa Januari 1963. Kijana wa miaka 24, Ivan Sutherland, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani, juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Alikuwa anatumia kompyuta ya TX-2 ya maabara ya Lincoln, mashine ya kujaza chumba, na kalamu ya mwanga aliyoielekeza kwenye kioo. Alichora umbo la pembe sita, akalinakili, akaziunganisha nakala, akanakili kundi zima, mpaka akapata mamia ya maumbo yaliyoshikana kama sega la nyuki. Kisha alibadilisha umbo moja tu la asili, na sega lote likabadilika likawa kama magamba ya samaki.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kwa maana ndani yake mna wazo ambalo hakuna pantografu wala jua lililowahi kuwa nalo. Nakala za Sutherland zilikuwa hai. Kila moja ilikumbuka mama yake. Mchoro ulikuwa na asili moja, na nakala zote zilikuwa mahali tu pa kuionyesha asili ile. Tena mistari yake ilibeba masharti: huu uwe sambamba na ule, hizi ziwe na urefu sawa, hii ikutane na ile kwa pembe mraba. Ukisogeza nukta moja, mingine inajipanga upya kutii masharti. Mchoro haukuwa picha ya mistari tena. Ulikuwa makubaliano kati ya mistari.

Ilichukua muda mrefu wazo hilo kufika kwenye meza za watu wa kawaida. AutoCAD ilipotoka mwishoni mwa mwaka 1982, kwa kompyuta ndogo za mezani, ilileta nusu yake: bloku. Unachora mlango mara moja, unaupa jina, unauweka mara hamsini, na ukirekebisha bloku, milango yote hamsini inarekebishika. Lakini mistari iliyo nje ya bloku ilikuwa mistari tu, haijuani. Mwaka 1988 kampuni ya PTC, iliyoanzishwa na Samuel Geisberg, mwanahisabati mhamiaji kutoka Urusi, ilitoa Pro/ENGINEER, na humo masharti ya Sutherland yakawa chombo cha kazi cha viwandani. Mchoro wa bapa ukawa mbegu, na umbo zima likakua kutoka kwake. Programu nyingi za mitambo za leo, za kulipia na za bure, zimefuata njia hiyo.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye programu hizo anajua kinachotokea unapouchukua mchoro kwenye uso wa kifaa kimoja na kuuweka kwenye kifaa kingine. Mistari inakwenda, lakini baadhi ya masharti hayawezi kwenda. Kama duara lako lilishikilia ukingo wa kifaa cha kwanza, ukingo huo haupo huku. Programu inalalamika. Inageuza rangi ya mstari, inaweka alama ya onyo, inakuambia kwamba kitu hiki kinaning'inia. Wanafunzi huchukia onyo hilo, na wengi hufuta sharti ili rangi itulie. Nami nilifanya hivyo chuoni mara nyingi.

Faili la Mayu halikuniletea onyo lolote. Niliichora ramani kwa mtindo wa zamani, mistari tu, na mistari hainung'uniki.

Sasa nikueleze mstari ule ulikuwa unashikilia nini kule ulikotoka.

Wasukuma hatusemi udongo tu. Juu, karibu na vilima vya mawe, kuna luseni, mchanga wa rangi hafifu unaopitisha maji. Ukiteremka kidogo unakutana na ibambasi, udongo mgumu unaokatalia jembe. Chini kabisa, bondeni, kuna mbuga, udongo mweusi mzito. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Tanga, mwaka 1935 aliupa mpangilio wa namna hiyo jina la Kilatini, catena, maana yake mnyororo, kwa sababu udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa utaratibu ule ule kutoka kilimani hadi bondeni, kila pingili ikifuata ya juu yake. Wanafunzi wa udongo duniani kote hulisoma neno hilo. Bibi zetu walikuwa na majina ya kila pingili, na walijua ipi ni ya karanga na ipi ni ya mpunga.

Mbuga ikipata maji huvimba. Ikikauka husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nyumba ikikaa juu yake, udongo wa pembezoni hulowa kwanza wakati ule wa chini ya sakafu bado mkavu, kwa hiyo kingo zinanyanyuka na katikati inabaki. Kiangazi mambo yanageuka. Ukuta wa tofali haujui kupinda, kwa hiyo unapasuka. Dawa zake zinajulikana: kuchimba zaidi, kuondoa ule mweusi na kujaza moramu iliyoshindiliwa, kufunga mkanda wa zege wenye nondo chini ya ukuta, kuyafukuza maji ya paa yaende mbali.

Faili nililonakili lilikuwa la nyumba ya kilimani, kwenye luseni. Msingi wake ulikuwa wa kina kifupi, mawe na zege jepesi, bila nondo, na kule ulitosha kabisa. Baada ya ufa kufika kwenye lenta nililifungua tena faili lile usiku, nikitafuta nani wa kumlaumu. Nikaziwasha leya zote. Leya, kwa asiyefahamu, ni kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya nyingine ndani ya faili: ukuta kwenye moja, vipimo kwenye moja, maandishi kwenye moja. Unaweza kuzima moja isikusumbue. Leya ya maandishi ilikuwa imezimwa. Nilipoiwasha yakatokea maneno mekundu pembeni ya mkato wa msingi, yakisema kina na aina ya msingi viamuliwe kulingana na udongo wa eneo la ujenzi.

Maneno yale yalikuwepo siku zote. Aliyechora kabla yangu alikuwa ametimiza wajibu wake. Mimi nilizungushia kipanya kile nilichokiona, na kompyuta ikanipa kile nilichokiona. Jua la Herschel lingeninakilia onyo lile hata kama sikulitaka.

Lakini si kweli kwamba hakuna aliyenionya. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ni fundi mwashi, na ndiye aliyejenga. Siku ya kuchimba alikuja na ubao wake wa plaiwudi uliokatwa pembe mraba, ambao ameutumia tangu sijazaliwa, na ambao kila baada ya msimu huupima upya kwa kamba, tatu, nne na tano, kuona kama haujajikunja. Alifukua mtaro mpaka kina cha ramani, akachukua donge jeusi, akalifinyanga kwenye kiganja.

"Mwanangu," akasema, "hii ramani yako imeuona udongo huu?"

Nikamjibu kwamba msingi ule umetoka kwenye kazi ya mhandisi. Lilikuwa jibu la kweli. Yeye hakusema tena. Alinitazama, akatazama karatasi iliyopigwa chapa vizuri, akaheshimu shule niliyosoma, akamwaga zege. Kati ya mambo yote ya habari hii, heshima ile ndiyo inayoniuma zaidi. Mtu mwenye miaka arobaini ya ujenzi alinyamaza mbele ya nakala.

Siandiki haya ili tuache kunakili. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa kujenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19. Hakuna nchi inayoweza kuchora madarasa 15,000 moja moja. Ramani ya mfano huchorwa, hunakiliwa, hupelekwa wilayani, na mafundi wa kijiji hujenga. Mtoto wa dada yangu anasoma kwenye darasa lililojengwa kwa ramani ya namna hiyo, na madirisha yake ni makubwa kuliko ya darasa nililosomea mimi. Hii ni nguvu ya kunakili, na ni nguvu ya maskini hasa: kazi ya mtu mmoja aliyefikiri vizuri inawafikia wengi wasioweza kumlipa.

Ila ukuta ukishajengwa hauna kamba ya kuurudisha kwenye ramani yake. Sutherland angeweza kubadili umbo moja na sega lote likamtii. Mimi nikirekebisha faili la Mayu usiku huu, hakuna tofali litakalosogea Malampaka. Kwa hiyo sharti ambalo mchoro hauwezi kulibeba, lazima mtu alibebe. Mara nyingine mtu huyo ni aliyechora. Mara nyingine ni fundi mwenye donge la udongo mkononi, na kazi ya aliyechora ni kutomnyamazisha.

Kiangazi kilichofuata nilichukua likizo nikarudi nyumbani. Nilimwomba radhi Baba mkubwa mbele ya Mayu. Akasema yaliyopita yamepita, kisha akanipa sururu. Tulichimba kuzunguka kona mbili za mashariki, kipande kwa kipande ili ukuta usishuke, tukapitisha zege na nondo chini ya msingi wa zamani. Tukajaza moramu, tukamwaga zege la mteremko kuizunguka nyumba yote, tukafunga mifereji ya paa na kupeleka maji kwenye tangi. Mchoro wa kazi ile aliuchora yeye, kwa kijiti, chini. Niliupiga picha kwa simu kabla upepo haujaufuta, kisha nikauingiza kwenye kompyuta, na safari hii niliandika aina ya udongo ndani ya mchoro wenyewe, katikati ya mistari, ambapo mtu hawezi kuchagua msingi bila kuchukua na maneno.

Ufa wa juu ya dirisha tuliuacha bila kuuziba. Lilikuwa wazo la Mayu. Kila mvua zinapoanza na kila zinapokwisha huchukua mkaa, akaweka alama pale ufa unapoishia, akaandika mwezi pembeni. Alama nne za kwanza zinapanda kama ngazi. Za mwisho tatu zimeandikwa mahali pamoja, moja juu ya nyingine, mpaka miezi yake haisomeki vizuri.